Nyumba Kumi na Mbili za Chati ya Kuzaliwa: Namna ya Kuzipata na Kuzisoma

Nyumba, katika unajimu, ni sehemu kumi na mbili zinazopatikana anga inapogawanywa kuanzia upeo wa mashariki wa mahali mtu alipozaliwa, kwa saa ile ile aliyozaliwa. Buruji, ambazo kwa kawaida huitwa nyota, ni kitu kingine. Mtu anaposema nyota yake ni Simba au Mizani, anataja sehemu ya njia ya Jua ambamo Jua lilikuwamo siku aliyozaliwa, na hiyo hujulikana kwa tarehe peke yake. Nyumba haijulikani kwa tarehe. Watoto wawili waliozaliwa siku moja katika wodi moja, mmoja asubuhi na mwingine jioni, wana nyota moja ya Jua lakini nyumba zao zimepishana kabisa.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kuelewa nyumba huanza na saa. Maana ya kila nyumba inaweza kujifunzwa kwa muda mfupi; saa ikiwa na kosa, maana hizo huangukia mahali pasipo pake.

Nguzo nne

Mzunguko wa buruji una nyuzi 360, na dunia hujizungusha mara moja kwa siku. Kwa hiyo anga huonekana kusogea nyuzi moja kila baada ya dakika nne, na buruji mpya huchomoza mashariki kila baada ya saa mbili hivi. Buruji inayochomoza wakati wa kuzaliwa ndiyo mlango wa chati nzima. Nukta yake kwenye upeo wa mashariki huitwa mawio, na hapo ndipo nyumba ya kwanza inapoanzia.

Nukta nyingine tatu hutokana na hiyo. Mkabala wa mawio, upande wa magharibi, ni machweo, mwanzo wa nyumba ya saba. Nukta ambayo njia ya Jua hufikia katikati ya anga, mahali Jua linapokuwa adhuhuri, ni kilele cha mbingu. Mkabala wake, chini ya ardhi, ni shina. Wanajimu wa Kiarabu waliziita nukta hizi nne awtad, yaani vigingi, kama vile vinavyoshikilia hema. Nyumba zinazokaa kwenye vigingi hivyo, ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10, ndizo zenye nguvu kuliko zote. Nyumba za 2, 5, 8 na 11 huzifuata kwa nguvu. Nyumba za 3, 6, 9 na 12, ambazo sayari zake zimekwishateremka kutoka kwenye vigingi, huhesabiwa kuwa dhaifu.

Nyumba huhesabiwa kwenda chini ya upeo. Ya 1 hadi ya 6 ziko chini ya ardhi, zisikoonekana. Ya 7 hadi ya 12 ziko juu, katika anga inayoonekana. Mwendo wa kila siku wa Jua ni kinyume cha hesabu hiyo. Likichomoza, Jua hutoka nyumba ya 1 na kuingia ya 12, kisha ya 11, kisha ya 10, hadi kilele. Jambo hili huwachanganya wanafunzi wengi: aliyezaliwa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza ana Jua katika nyumba ya kwanza, na aliyezaliwa mara baada ya kuchomoza ana Jua katika nyumba ya kumi na mbili.

Saa ya Kiswahili na nyumba ya Jua

Mzungumzaji wa Kiswahili ana kipimo cha nyumba ambacho tayari kimo katika lugha yake. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza na linapokuchwa, na nyumba nazo huhesabiwa tangu upeo. Karibu na ikweta, ambako mchana na usiku havitofautiani sana mwaka mzima, kila saa mbili za Kiswahili ni nyumba moja ya Jua:

Saa 12 hadi saa 2 asubuhi: nyumba ya 12.
Saa 2 hadi saa 4 asubuhi: nyumba ya 11.
Saa 4 hadi saa 6 mchana: nyumba ya 10.
Saa 6 hadi saa 8 mchana: nyumba ya 9.
Saa 8 hadi saa 10 alasiri: nyumba ya 8.
Saa 10 hadi saa 12 jioni: nyumba ya 7.
Saa 12 jioni hadi saa 2 usiku: nyumba ya 6.
Saa 2 hadi saa 4 usiku: nyumba ya 5.
Saa 4 hadi saa 6 usiku: nyumba ya 4.
Saa 6 hadi saa 8 usiku: nyumba ya 3.
Saa 8 hadi saa 10 usiku: nyumba ya 2.
Saa 10 hadi saa 12 alfajiri: nyumba ya 1.

Hesabu hii ni ya Jua lenyewe, siyo ya saa ya ukutani. Saa rasmi ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ulioko mbali na pwani, upande wa Bahari ya Hindi. Mombasa na Dar es Salaam ziko magharibi ya mstari huo, hivyo Jua lao liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika ishirini na kitu. Nairobi liko nyuma kwa zaidi ya nusu saa, na Kigoma kwa zaidi ya saa nzima. Aliyezaliwa Kigoma saa 12:30 asubuhi kwa saa ya ukutani huenda alizaliwa kabla Jua halijachomoza. Katika siku mbalimbali za mwaka Jua lenyewe pia hutangulia au huchelewa kwa dakika zisizozidi kumi na saba. Programu za kuchora chati husahihisha yote haya zenyewe, mradi zipewe mji sahihi.

Mbali na ikweta kipimo hiki hakifai. Ukanda wetu una bahati ya buruji zinazochomoza kwa muda unaokaribiana: ikweta yenyewe, yenye haraka kuliko zote huchukua kama saa 1 na dakika 52, na yenye kukawia kuliko zote kama saa 2 na dakika 9. London, buruji ya Punda huchomoza kwa muda usiofika saa moja, wakati Mizani huchukua karibu saa tatu. Mtoto wa Kiswahili aliyezaliwa Ulaya au Marekani ya Kaskazini lazima chati yake ikokotolewe kwa mahali hapo.

Kuipata saa sahihi

Kosa la dakika nne husogeza mawio kwa nyuzi moja tu, na kwa kawaida halina madhara. Kosa la saa moja laweza kubadili buruji inayochomoza. Kosa linalotokea mara nyingi zaidi kwa Waswahili ni la saa sita: mama husema "saa mbili usiku," mwandishi akaandika 2:00 katika programu inayotumia saa 24. Saa mbili usiku ni 20:00. Saa nane usiku ndiyo 02:00. Saa sita ni robo ya mzunguko, hivyo kosa hilo husogeza kila kitu kwa nyumba tatu, na Jua lililokuwa katika nyumba ya watoto huonekana katika nyumba ya pili au ya nane.

Tarehe nayo ina mtego. Kwa hesabu ya pwani na ya Kiislamu, siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Kalenda ya ofisini hubadilisha siku saa sita usiku. Mtoto aliyezaliwa saa tatu usiku wa Ijumaa, kwa lugha ya wazee, alizaliwa Alhamisi kwa lugha ya cheti. Inafaa kuuliza: "Kesho yake ilikuwa siku gani?"

Cheti cha kuzaliwa mara nyingi huwa na tarehe bila saa. Saa hutafutwa katika kadi ya kliniki, katika daftari la wodi ya wazazi, au nyuma ya picha na kurasa za mwanzo za vitabu ambamo baadhi ya baba huandika mazazi ya wanao. Pasipo na maandishi, kumbukumbu ya sala ina thamani kubwa, kwa kuwa nyakati za sala hufuata Jua lenyewe. Aliyezaliwa adhana ya adhuhuri ikilia, Jua lake limetoka tu kileleni na kuingia nyumba ya 9. Aliyezaliwa kwenye adhana ya magharibi, Jua lake limetoka nyumba ya 7 na kuingia ya 6. Adhana ya alfajiri huliweka Jua katika nyumba ya 1 kwa mahali pa karibu na ikweta.

Kwa waliozaliwa zamani, ijulikane kuwa saa rasmi ilibadilishwa wakati wa ukoloni. Kuna miaka ambayo saa ya Kenya ilitangulia ile ya Greenwich kwa saa mbili na nusu badala ya tatu. Na mipaka ya leo ina saa tofauti: Kenya, Uganda na Tanzania hutangulia kwa saa tatu, Rwanda, Burundi na Lubumbashi kwa saa mbili, Kinshasa kwa saa moja.

Maana ya kila nyumba

Maana za nyumba zilikusanywa na wanajimu wa Kiyunani wa Misri karne za mwanzo za zama zetu, zikapitia mikono ya Waajemi na Waarabu, na zimepangwa wazi katika kitabu cha mafunzo cha al-Biruni cha mwaka 1029. Mantiki yake ni ya kuonana. Nyumba iliyo kwenye pembe ya nyuzi 60, 90, 120 au 180 kutoka ya kwanza huhesabiwa kuwa inaiona. Nyumba nne haziioni: ya 2, ya 6, ya 8 na ya 12. Ndiyo maana ya 6, ya 8 na ya 12 zilipewa mambo ambayo mtu hayatawali, na ya 2, iliyo nyepesi kuliko hizo, ikapewa vitu vinavyomtegemeza mtu bila kuwa yeye.

Nyumba ya 1 ni mtu mwenyewe: mwili, uhai, sura na namna anavyoanza jambo. Ya 2 ni riziki na mali inayohamishika. Ya 3 ni ndugu, jirani, barua na safari fupi. Humo, kwa wazee wa Kiyunani, Mwezi hufurahi. Ya 4, iliyo kwenye shina, ni wazazi, ukoo, ardhi, nyumba ya kuishi na mwisho wa mambo. Ya 5 ni watoto, starehe na kazi za mikono zinazoleta furaha, na ni kikao cha furaha cha Zuhura. Ya 6 ni maradhi, kazi za kila siku, watumishi na mifugo midogo. Mirihi hufurahi humo, kwa kuwa ni nyumba ya jasho.

Nyumba ya 7, iliyo mkabala wa ya kwanza, ni mtu wa pili: mume au mke, mshirika wa biashara, na pia mshindani anayejulikana. Mambo haya matatu hukaa pamoja kwa sababu yote ni ya ana kwa ana. Ya 8 ni kifo, mirathi, madeni na mali iliyo mikononi mwa wengine. Ya 9 ni dini, elimu ya juu, ndoto na safari za mbali. Jua hufurahi humo. Ya 10, kileleni, ni kazi inayoonekana, cheo, heshima na mamlaka. Ya 11 ni marafiki, wafadhili na matumaini, na Mshtarii hufurahi humo. Ya 12 ni upweke, kifungo, huzuni na uadui wa siri, kikao cha Zohali.

Maana hizi hukumbukwa vizuri zikisomwa kwa jozi zinazotazamana: mimi na mwenzangu (1 na 7), mali yangu na mali ya wengine (2 na 8), safari fupi na ndefu (3 na 9), nyumbani na kazini (4 na 10), watoto na marafiki (5 na 11), kazi ya mwili na mapumziko ya upweke (6 na 12).

Hatua za kusoma

Kwanza hutazamwa buruji inayochomoza na sayari inayoitawala. Punda na Ng'e hutawaliwa na Mirihi. Ng'ombe na Mizani na Zuhura. Mapacha na Mashuke na Utaridi. Kaa na Mwezi. Simba na Jua. Mshale na Samaki na Mshtarii. Mbuzi na Ndoo na Zohali. Pili hutazamwa sayari zilizomo katika nyumba inayochunguzwa. Tatu, na hapa ndipo wengi huacha mapema, hutafutwa mtawala wa nyumba hiyo yuko nyumba gani. Mtawala wa nyumba ya mali akiwa katika nyumba ya ndugu, jambo la mali husomwa kupitia ndugu, maandishi au safari za karibu.

Nyumba tupu si nyumba iliyokufa. Sayari za jadi ni saba na nyumba ni kumi na mbili, kwa hiyo angalau nyumba tano huwa tupu katika kila chati. Mwenye nyumba ya 7 tupu hajakosa ndoa. Ndoa yake husomwa kwa mtawala wa buruji iliyopo hapo.

Mfano huu unaonyesha kazi hiyo. Mtoto amezaliwa Mombasa tarehe 1 Aprili saa nne kamili asubuhi. Saa ya ukutani inamweka kwenye mpaka wa nyumba ya 11 na ya 10. Jua la Mombasa, hata hivyo, lilikuwa nyuma kwa kama dakika 25 siku hiyo, sawa na saa tatu na dakika 35, kwa hiyo Jua limo katika nyumba ya 11. Mapacha ndiyo inayochomoza, kwenye nyuzi zake za mwanzo. Samaki iko kileleni. Jua liko katika nyuzi za kumi na kitu za Punda, ambayo kutoka Mapacha ni buruji ya kumi na moja. Husomwa hivi: nguvu na fahari za Jua hutafuta njia kupitia marafiki na kundi, na kwa kuwa Punda hutawaliwa na Mirihi, mahali pa Mirihi panaeleza kundi hilo ni la namna gani.

Mifumo inapotofautiana

Mtoto huyo angezaliwa siku hiyo hiyo saa kumi na moja jioni, Mashuke ndiyo ingekuwa inachomoza. Kwa mfumo wa zamani kuliko yote, ambamo kila buruji ni nyumba moja nzima, Punda ni ya nane kutoka Mashuke, hivyo Jua lingekuwa katika nyumba ya 8. Kwa mfumo wa Placidus, mtawa wa Italia wa karne ya 17, ambaye aligawa nyumba kwa muda wa kupanda na kushuka kwa anga, Jua hilo hilo lingekuwa katika nyumba ya 7. Hakuna aliyekosea hesabu; wamegawa anga kwa njia mbili.

Programu nyingi za leo hutumia Placidus bila kusema. Anayejifunza achague mfumo mmoja na kudumu nao kwa muda mrefu. Buruji nzima ndio mwepesi kuanzia, kwa kuwa hauhitaji zaidi ya kujua buruji inayochomoza, na haukwami katika nchi za ncha ya kaskazini ambako Placidus hushindwa kabisa. Kubadili mfumo hadi nyumba iseme linalopendeza ni kujidanganya.

Unajimu wa Kihindi, unaotumiwa na baadhi ya familia za asili ya Kihindi huko Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, nao hufuata buruji nzima, na huzihesabu ya 6, ya 8 na ya 12 kuwa nyumba ngumu. Lakini buruji zake hupimwa kwa nyota zenyewe, na leo hupishana na zile za magazetini kwa nyuzi kama 24. Chati ya Kihindi na ya Kimagharibi zisichanganywe katika usomaji mmoja.

Vilevile nyumba za chati zisichanganywe na nyumba za ramli. Ramli ina nyumba kumi na sita, na kumi na mbili za mwanzo zina maana zinazofanana na hizi, lakini hujazwa kwa vitone vilivyopigwa kwa ajili ya swali fulani. Wala nyota inayopatikana kwa kuhesabu herufi za jina la mtu na la mama yake haina nyumba, kwa kuwa hesabu hiyo haina saa wala mahali.

Mipaka ya usomaji

Mwaka 1985 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambamo wanajimu walipewa chati na maelezo ya tabia za watu wazioanishe. Hawakufanya vizuri kuliko kubahatisha. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hutenganisha elimu ya falaki, inayotafuta kibla na nyakati za sala, na utabiri wa nyota, ambao huukataza. Msomaji anastahili kuyajua yote mawili kabla ya kuamua ataipa chati uzito gani. Matumizi yasiyo na madhara ni yale yanayozichukua nyumba kama orodha ya maswali kumi na mawili kuhusu maisha, na kumwachia mtu mwenyewe ajibu.

Nyumba tatu zinahitaji uangalifu kuliko nyingine. Ya 6 haitambui ugonjwa. Maradhi hupelekwa hospitali. Ya 8 haitumiki kumtajia mtu siku ya kufa. Ikisomwa, isomwe kwa upande wa madeni, wosia na mirathi, mambo ambayo mtu anaweza kuyatengeneza akiwa hai. Ya 12 husema uadui wa siri, lakini haitaji jina la yeyote. Msomaji wa chati anayetoka hapo na kumnyooshea kidole shangazi, jirani au mke mwenza ameacha unajimu na kuingia katika tuhuma za uchawi, ambazo katika nchi zetu zimewagharimu wazee uhai wao. Anayeelekeza namna hiyo, au anayedai fedha ili "aifungue" nyumba iliyofungwa, aondokewe mara moja, kwa sababu nyumba ya chati ni mgawanyo wa anga wa saa iliyokwisha kupita, na hakuna kafara inayoweza kuirudisha nyuma.